Nilishaacha dawa za homoni, mbona natokwa damu tena?

mama_mapacha
Habari zenu wapendwa, naomba msaada hasa kwa wale mliopita njia hii. Nina miaka 56. Homoni nilianzishiwa kipindi kile hedhi zinarukaruka, majoto mwili mzima, usiku nalowa jasho mpaka nabadilisha shuka, usingizi hakuna na hasira juu. Mwanzo nilipewa ule mpango wa estrojeni kila siku afu projesteroni siku kadhaa tu za mwezi, damu ilikuwa inakuja kila mwezi ila nilishaambiwa itakuja kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Baadae daktari akanibadilishia, zote mbili kila siku bila kupumzika, damu ikakata kabisa nikasema alhamdulillah nimepumzika na mapedi.

Sasa baada ya muda mrefu tu mkavu kabisa nikaanza kuona matone, leo kidogo kesho hakuna, nikachoka nayo nikaamua kuacha dawa zote. Nilipoacha damu ikatoka siku chache kama hedhi ndogo ikaisha. Nikajua ndo basi. Imepita kama miezi miwili hivi naona tena, ilianza rangi ya kahawia nikijifuta tu, juzi ikawa nyekundu kabisa mpaka nimevaa pedi. Tumbo haliumi. Wifi yangu anasema hedhi imerudi kwa vile nimeacha dawa, mwili unajirekebisha. Kuna ukweli hapo? Na nisubiri mpaka lini?

tulizo
Pole mama. Mi mwenyewe nilipoacha homoni damu ilitoka ikakata yenyewe, wala sikwenda popote. Nadhani ni homoni zilizobaki mwilini zinajisafisha tu, usijipe presha.

Nesi_Mstaafu
mama_mapacha shikamoo maana najua una wajukuu 🙂 pole sana. Tulizo hajakosea kuhusu ile damu ya kwanza, ukiacha homoni ukuta wa kizazi, yaani ule utando wa ndani, uliokuwa umeshikiliwa na dawa unabomoka, damu inatoka siku chache inaisha. Hiyo ni ya kawaida. Lakini vidonge na plasta za homoni hazikai mwilini miezi, ni siku chache tu zimeshatoka, kwa hiyo damu ya miezi miwili baadae huwezi tena kuisingizia dawa. Huku kwetu kazini tulikuwa tunasema ikiendelea au ikirudi zaidi ya wiki nne mpaka sita tangu uache, hiyo inahesabiwa kama damu ya mwanamke aliyekoma hedhi, basi, habari ya homoni inawekwa pembeni na unapimwa.

Na hedhi hairudi wifi. Kwa umri wako na muda uliokaa mkavu yai halipo la kukuletea hedhi. Hilo neno "imerudi" ndo linachelewesha wanawake wengi sana, mtu anafurahi kabisa anajiona amekuwa kijana.

Mi hata nisingesubiri kuacha dawa. Dalili yako ya kwanza ilikuwa pale pale ulipoanza kuona matone ukiwa kwenye ule mpango wa kila siku. Kwenye mpango ule matone ya miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo tunayavumilia, mwili unazoea. Ikipita miezi sita bado, au ulishakauka vizuri afu yanaanza upya kama wewe, hapo mtu anatakiwa aangaliwe. Kwenye ule mpango wa kwanza ni tofauti, damu ya kila mwezi inategemewa, inakuja mwishoni mwa zile siku za projesteroni au mara tu baada ya kuzimaliza, kinachotafutwa ni ikibadilika, ikija katikati isipotakiwa, ikiwa nzito kuliko kawaida yake au ikichukua siku nyingi.

Sasa usiogope. Wanawake wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, kama mmoja kwa kumi ndo hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi, wengine wote ni mambo mengine. Ila ukigeuza hesabu, wenye hiyo saratani kama tisa kwa kumi damu ndo iliyowatangulia. Ndo maana haiachwi. Na ikikutwa mapema inatibika vizuri sana, mara nyingi upasuaji tu unatosha.

Kipepeo63
Pole dadangu. Mimi sikuwa nimeacha, nilikuwa bado natumia na damu ikaja vilevile kwa matone. Nikapelekwa altrasaundi ile ya kupitia ukeni, wakasema ukuta umekuwa mnene, nikachukuliwa kinyama. Nataka nieleze hicho maana hapa watu huwa wanatishana. Unalala kama unapima shingo ya kizazi, kile chombo cha kupanua kinaingia, afu daktari anapitisha kamrija kembamba sana ka plastiki mpaka ndani ya kizazi, anavuta, anakatoa. Nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda nikahisi tumbo linanikata kwa nguvu kama hedhi ile ya usichanani, nikahesabu pumzi, nesi akasema tayari. Siku ile nilitoka damu kidogo, kesho yake hakuna. Waombe dawa ya maumivu ya kumeza kabla na ulizia ganzi, mimi nilipewa kwa sababu niliuliza, mwenzangu niliyekaa naye foleni hakuuliza hakupewa.

Majibu hayakuwa na saratani, ila ilibidi wanirudishe waangalie ndani kwa kamera ndo wakaona polipu, yaani kinyama kidogo kilichoota ndani ya kizazi, wakaitoa hapohapo. Kale kamrija kalikuwa kamepita pembeni yake. Tangu hapo kimya.

mama_mapacha
Asanteni sana jamani nimesoma yote. Nesi wajukuu ninao kweli marahaba 😂. Naongezea vitu viwili. Mwaka jana kabla sijaanza kuona matone nilipigwa altrasaundi kwa ajili ya tumbo, wakaandika ukuta wa kizazi milimita 3, na kuna faibroidi ndogo mbili. Si inamaanisha niko salama? Pili nina plasta za estrojeni zimebaki pakiti nzima, majoto yamerudi na usingizi umekata tena, nikazibandika tu hizo zinisaidie wakati nasubiri daktari kuna ubaya? Vidonge vya projesteroni vimeisha.

Nesi_Mstaafu
Plasta usibandike mama, naomba sana. Mwanamke mwenye kizazi hatumii estrojeni ya mwili mzima peke yake. Estrojeni kazi yake kwenye kizazi ni kuotesha ule ukuta, projesteroni ndo inauzuia usizidi. Hii ilijulikana kwa gharama kubwa, zamani walikuwa wanapewa estrojeni tupu, mwaka 1975 zikatoka tafiti Marekani zikaonyesha hao wanawake wanapata saratani ya ukuta wa kizazi mara kadhaa zaidi ya wengine, ndo projesteroni ikaanza kuongezwa. Waliotolewa kizazi wao ndo mara nyingi wanaruhusiwa estrojeni peke yake. Kwako wewe sasa hivi unatokwa damu haijajulikana sababu, ukibandika unaweza kuongeza tatizo na pia unamchanganya daktari, hatajua kipi ni cha dawa kipi ni cha mwili. Majoto mwambie huyohuyo daktari, zipo dawa zisizo za homoni anaweza kukupa kwa sasa.

Kuhusu altrasaundi ya mwaka jana, hiyo ilikuwa kabla ya damu, haihesabiki. Unahitaji nyingine ya sasa. Kipimo wanachotumia wengi kwa mwanamke aliyekoma hedhi na anatokwa damu ni milimita 4, ikiwa 4 kushuka chini uwezekano wa saratani unakuwa mdogo sana. Aliye kwenye ule mpango wa homoni wa mwezi ukuta unaruhusiwa kuwa mnene zaidi, kwa hiyo waeleze vizuri ulikuwa unatumia nini na uliacha lini, wasipojua wanaweza kuusoma vibaya.

Ila na hizo milimita usizifanye msahafu. Kuna utafiti ulitoka 2024 Marekani, waliangalia wanawake weusi waliofanyiwa upasuaji wa kutoa kizazi, kati ya waliokutwa na saratani zaidi ya mmoja kwa kumi altrasaundi ilikuwa imeandika chini ya milimita 5. Faibroidi zikiwepo ukuta hauonekani vizuri, na wewe unazo mbili. Kwa hiyo wakikwambia altrasaundi nzuri nenda nyumbani na damu bado inakuja, au ikirudi tena mwezi ujao, ulizia kuchukuliwa kinyama. Sio ubishi, ni haki yako kuuliza.

tulizo
Duh. Hiyo ya estrojeni tupu sikuijua kabisa. Kwa hiyo mimi niliyekatika yenyewe niko sawa au na mimi nikapimwe?

Nesi_Mstaafu
Tulizo kama ilitoka mara tu ulipoacha ikaisha ndani ya siku chache na haijarudi tena, sina shida nayo. Ikirudi hata tone moja usiseme inajisafisha.

Baba_Watatu
Samahani dada zangu naingilia, mimi ni mwanaume. Mke wangu ana 48, ameanza homoni za ule mpango wa mwezi kama wiki kadhaa zilizopita, damu inakuja lakini haina mpangilio, mara wiki hii mara ile. Pia alikuwa na kuharisha kwa siku nyingi na huwa anasahau dawa. Hii nayo ni ya kukimbilia hospitali?

Kipepeo63
Safi sana baba, wachache mnaouliza. Kusahau kunaleta damu kabisa, mimi kila nikiruka projesteroni usiku mbili tatu nilikuwa naiona. Na kuharisha dawa haikai tumboni, ni kama hajameza.

Nesi_Mstaafu
Baba_Watatu amemaliza Kipepeo. Ni mapema bado, ameze vizuri, aandike kwenye kalenda siku za damu na siku za projesteroni mviangalie pamoja na daktari baada ya miezi michache. Asisubiri hivyo kama inamwaga, yaani pedi moja inalowa ndani ya saa moja na ya pili hivyohivyo, au inatoka mabonge, au kizunguzungu, hapo ni kwenda siku hiyohiyo. Kingine, kwa 48 na hedhi haijakoma kabisa anaweza bado kushika mimba, hizi homoni sio uzazi wa mpango, watu wanachanganya. Damu isiyo na mpangilio kwa umri huo na kipimo cha mimba kifanywe, mkicheka mkimaliza nendeni mkapime. Na kama anatumia dawa za kifafa kama kabamazepini, au rifampisini ya TB, aseme, zinapunguza nguvu ya homoni za kumeza na damu inakuja ovyo.

Baba_Watatu
Hahaha mimba tena jamani. Asante dada, tunapima.

mama_mapacha
Nimeshaongea na kliniki, nimepata nafasi wiki ijayo. Nesi kwa uzoefu wako kama sio saratani inaweza kuwa nini basi? Maana nikilala nawaza hilo moja tu. Na nikifika bado natokwa damu si aibu, nisubiri ikauke kwanza?

Nesi_Mstaafu
Inayoongoza wala haina makubwa, ni ukavu. Ukiacha homoni estrojeni inashuka, ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba inachubuka hata kwa kujisafisha au kwa tendo la ndoa, damu inatoka. Hiyo dawa yake ni krimu au vidonge vidogo vya estrojeni vya kuweka ukeni, dozi ndogo sana, havifanyi kama hizo plasta zako, ila vinaanza ukishapimwa sio kabla. Baada ya hapo kuna polipu kama ya Kipepeo, kuna ukuta kuwa mnene bila kuwa saratani ambao unatibiwa kwa projesteroni, mara nyingi kwa kile kitanzi chenye homoni kinachowekwa ndani ya kizazi. Na shingo ya kizazi nayo wataiangalia, kama hujapima muda mrefu sema. Hata mkojo wakuangalie, kuna anayesema damu ya ukeni kumbe inatoka kwenye kibofu.

Kusubiri ikauke usisubiri. Nenda na damu yako hivyohivyo, sisi tumeona damu maisha yetu yote hakuna wa kukushangaa. Altrasaundi inafanyika, kinyama kinachukuliwa, labda kile kipimo cha shingo ya kizazi tu ndo wanaweza kukiahirisha kama inatoka nyingi. Vaa pedi usiweke kitu ndani, na siku mbili tatu kabla usipake krimu yoyote ukeni. Beba maboksi ya dawa zote ulizotumia hata yaliyo tupu, na hiyo karatasi ya altrasaundi ya mwaka jana.

Kipepeo63
Na kama unameza wafarini au dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi, wapigie uwaambie kabla ya siku yenyewe. Usiiache mwenyewe. Mimi waliniuliza hilo nikiwa nimeshavua nguo na nilikuwa sina hata jina la dawa yangu ya presha, ikabidi nimpigie binti asome kwenye boksi.