Kuja Berlin kwenye mtandao wa uchumi mbadala: naomba ushauri wenu

Kutoka: mdogo wenu, Nyegezi, Mwanza

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko.

Nafundisha uchumi hapa Mwanza kama mkufunzi msaidizi na natakiwa kwenda kusoma shahada ya uzamili. Kuna mtandao wa watafiti huko Ujerumani unaohimiza njia mbadala za kuutazama uchumi jumla, yaani uchumi wa nchi nzima. Unasimamiwa na IMK, taasisi ya utafiti iliyo chini ya Hans-Böckler-Stiftung, ule mfuko wa vyama vya wafanyakazi. Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba wanakutana Berlin. Natamani niende kwenye mkutano, na nikipata chuo nibaki kusoma.

Nyumbani hatujaelewana. Mjomba anasema nitarudi na cheti ambacho benki yoyote ya Mwanza itakitazama na kuniuliza ni cha nini. Baba yeye yuko tayari kuuza ng'ombe. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana ng'ombe wale si wangu peke yangu, wadogo zangu wanne bado wako shule.

Mliotangulia niambieni: huo mtandao una manufaa kwa mtu wa huku? Na maisha yanagharimu nini?

Kutoka: kaka yako, Berlin (zamani Igogo)

Mdogo wangu, marahaba. Mkutano huo nimehudhuria mara nne. Naandika kirefu kwa sababu mimi nilipouliza maswali kama yako sikupata wa kunijibu.

Mtandao ulianzishwa mwaka 1996. Jina lake la mwanzo lilikuwa refu, na ndani yake yalikuwemo maneno matatu: ukosefu wa ajira, mgawanyo wa kipato na mfumuko wa bei. Hayo matatu yashike. Tulivyofundishwa sisi, kila moja lina sura yake kitabuni na mtihani wake. Wao wanasema huwezi kuligusa moja mengine yakatulia.

Chukua mshahara. Tulifundishwa kwamba ni gharama, kwa hiyo ukishuka tajiri ataajiri zaidi. Wafuasi wa wachumi Keynes na Kalecki wanakuuliza: na huyo aliyepunguziwa atanunua nini? Mimi nilielewa papo hapo, kwa sababu mama yangu alikuwa mama lishe karibu na viwanda vya samaki. Kiwanda kikipunguza zamu, jioni hiyohiyo sufuria lilirudi nyumbani na wali. Wafanyakazi wa kiwanda hakuna aliyekuwa mvivu, na bei ya sahani ilikuwa ileile. Fedha mifukoni mwa watu ndiyo iliyopungua. Nilisoma uchumi miaka mitatu bila mtu kuniambia kwamba lile sufuria lilikuwa somo.

Jambo la pili ni benki. Wengi bado wanaamini benki hukusanya amana kwanza, ndipo ikopeshe. Hawa wamefundisha kinyume chake kwa miaka mingi: benki inapokubali mkopo huandika amana mpya kwenye akaunti ya mkopaji, na fedha inazaliwa pale pale. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza yenyewe iliandika hivyohivyo kwenye jarida lake. La tatu ni deni la serikali. Ujerumani iliweka kikomo cha kukopa ndani ya katiba mwaka 2009, na watu wa IMK wamelipinga hilo kwa miaka. Machi 2025 bunge lililegeza kikomo hicho, likaruhusu na mfuko wa euro bilioni 500 kwa ajili ya miundombinu. Kwa hiyo usidhani unakwenda kwenye kikundi cha wazee wanaolalamika pembeni.

Siku ya kwanza kuna mihadhara ya utangulizi kwa wanafunzi. Usiikose hata ukiwa umechoka na safari. Na kila miaka miwili wana shule ya majira ya joto, siku chache hivi. Kwa mtu wa ngazi yako naona hiyo inafaa kuliko mkutano wenyewe, kwa sababu mnakaa na walimu mnakula nao, maswali yako ya kijinga unayauliza mezani.

Sasa viza, na hapa nisikilize vizuri. Kuna safari mbili tofauti. Ya mkutano ni viza ya Schengen, ya ziara fupi: ada euro 90, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na unaweza kuomba hadi miezi sita kabla. Ya masomo ni viza ya taifa, ambayo unatakiwa kwanza uweke benki fedha zako za matumizi ya mwaka, kwenye akaunti iliyofungwa unayotoa kidogo kidogo. Usije na ya mkutano ukitegemea kuibadilisha hapa iwe ya masomo. Watakwambia urudi Dar uanze upya, na tiketi hiyo utajilipia. Nimemsindikiza mtu uwanja wa ndege akilia kwa kosa hilo.

Kwa masomo, tazama chuo cha HWR Berlin. Wana shahada ya uzamili ya uchumi wa kimataifa kwa Kiingereza, na walimu wake kadhaa ni haohao utakaowasikia mkutanoni. Kama una kadi ya chama cha wafanyakazi, tazama pia programu ya Global Labour University, inayofundishwa Kassel na Berlin.

Kutoka: mama mmoja, Würzburg

Mwanangu wa Nyegezi, mwangaluka. Mimi ni muuguzi, uchumi wenu siujui. Nilikuja kupitia urafiki wa mji huu na Mwanza, ulioanza mwaka 1966, na vijana wengi wamepitia jikoni kwangu. Nakwambia ya nyumbani.

Zile fedha za akaunti iliyofungwa ni euro 11,904 kwa mwaka. Mwambie baba yako kwamba si ada. Ni zako, utarudishiwa euro 992 kila mwezi. Lakini ni chakula chako, hazirudi nyumbani wala hazinunui ng'ombe tena. Na Berlin chumba peke yake kinaweza kula nusu. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au siku 280 akifanya nusu siku. Wapo wanaohesabu kazi hiyo kabla hata hawajaipata, wakifika wanakuta Kijerumani kinahitajika hata kwenye kuosha vyombo. Jifunze lugha tangu sasa.

Ukihamia chumbani una wiki mbili za kwenda kujiandikisha makazi, Anmeldung wanaita, na lazima mwenye nyumba akupe barua kwamba unaishi kwake. Chumba kisicho na barua hiyo usikichukue hata kiwe rahisi namna gani. Bila kujiandikisha hupati namba ya kodi, na mambo ya benki na kibali cha kukaa nayo yanakwama.

Kwenye fomu hiyo watakuuliza dini. Ukiandika Mkatoliki, siku utakayoanza kulipa kodi ya mapato watakukata na kodi ya kanisa: Berlin asilimia 9 ya kodi hiyo, huku kwetu, jimbo la Bavaria, 8. Mimi naitoa kwa moyo wote. Nakwambia tu ili usije ukashtuka kwa kudhani ni sadaka ya kawaida ya Jumapili.

Ada ya redio na televisheni ni euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Ni kwa nyumba, si kwa kichwa. Mkiwa wanne mnagawana. Bima ya afya ya mwanafunzi kata mapema, ile nafuu ina mwisho miaka 30.

Koti usinunue Mwanza. Njoo na sweta, koti utapewa.

Kutoka: mzee wenu, Kirumba (nilirudi nyumbani baada ya miaka kumi na tisa)

Wanangu, nawasoma nikiwa hapa karibu na mwalo.

Nakubaliana na kijana wa Berlin kuhusu lile sufuria. Lakini kuna jambo hajaligusa, na bila hilo huyu mdogo wake atarudi na dawa ya mgonjwa mwingine.

Mwaka 1999 Ulaya ilipiga marufuku samaki wa ziwa letu. Nilikuwepo. Sangara walijaa mitumbwini na mnunuzi hakuna. Bei mwaloni ilianguka, vijana wa viwandani wakakaa nyumbani. Hapo nadharia ya mahitaji inasema kweli: samaki walikuwepo, mikono ilikuwepo, mnunuzi hayupo. Sasa endelea mbele. Ujerumani mahitaji yakipungua serikali inaweza kukopa euro, na vitu inavyoagiza inalipia euro. Sisi tukitumia shilingi nyingi zaidi, sehemu kubwa inakimbilia mafuta ya dizeli, vipuri na nyavu. Hivyo havinunuliwi kwa shilingi. Vinahitaji dola, na dola zinatoka kwenye pamba, dhahabu na huyohuyo sangara.

Ninyi vijana hamkuuona ule wakati. Mwalimu aligombana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1980 kwa sababu hiyo, na mwaka 1986 nchi ikasaini mkataba nalo. Watu wanabishana nani alikosea. Mimi nakumbuka maduka matupu, na baadaye nakumbuka maduka yamejaa na kiwanda chetu cha nguo, MWATEX, kimefungwa. Yote mawili ni kweli.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, lakini nenda na swali la dola. Wako waliolishughulikia. Kalecki mwenyewe aliandika kwamba katika nchi maskini kikwazo cha kwanza ni chakula: ukiongeza ajira mjini bila kuongeza mazao, bei ya unga inameza mshahara. Mchumi Thirlwall mwaka 1979 alionyesha jinsi ukuaji wa nchi unavyofungwa na mauzo yake ya nje. Na sisi tuna mfano wetu. Ushirika wa Victoria, alioujenga Paul Bomani na wenzake mwaka 1955, uliiweka biashara ya pamba mikononi mwa wakulima. Leo tazama mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara vinavyouzwa nje: mvuvi wa Ukerewe anapata kiasi gani, na kiasi gani kinabaki ng'ambo? Fanya hesabu hiyo uende nayo.

Kutoka: kaka yako, Berlin

Mzee wangu, shikamoo. Nimekubali, na nimekaa nayo tangu jana. Niongeze tu kwamba mkutanoni nimewasikia Wabrazili wakilisema hilohilo, kwamba sarafu hazina hadhi sawa. Wanaanzia kwa Prebisch, mchumi wa Argentina. Mdogo wangu, ukifika kaa karibu nao.

Kutoka: mdogo wenu, Nyegezi

Wabeja sana, wote.

Jana jioni nilimsomea baba barua ya mama wa Würzburg kwenye simu. Nilipofika pale pa ng'ombe kutonunulika tena alinyamaza, akaniambia nirudie. Tumekubaliana hivi: mwaka huu hauzwi ng'ombe. Nitaomba ile shule ya majira ya joto kwanza, na kwa uzamili nitaomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Nikikosa tutakaa tena.

Mjomba bado ananuna.

Mzee wa Kirumba, Jumamosi nina nafasi. Naweza kuja mwaloni alfajiri na daftari, unikutanishe na wanunuzi wa mabondo? Nikifika niulize nani?

Kutoka: mzee wenu, Kirumba

Njoo saa kumi na moja, kabla mitumbwi haijamaliza kushusha. Simama penye mizani ya dagaa, nitakuona. Daftari liache mfukoni saa ya kwanza, watu wakuzoee.