Mrejesho: Mdogo wangu na mafunzo ya farasi Ujerumani

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu mdogo wangu, mwanafunzi wa mifugo Mpwapwa. Wakala alimtaka atoe pesa apelekwe Ujerumani kujifunza kutunza farasi, kwa viza ya utalii. Mkasema asithubutu. Hakutoa hata shilingi, Mungu awabariki.

Kumbe mafunzo yenyewe, ya Pferdewirt (yaani mtunza farasi kwa Kijerumani), ni miaka 3, na mwajiri ndiye anamlipa mwanafunzi kila mwezi! Ila Kijerumani kwanza. Anasoma kila jioni.

Mchana anamsaidia mzee mmoja mwenye punda wa kubeba maji. Jana alimnyanyua mmoja mguu, akachokonoa kwato taratibu mpaka kokoto likatoka, punda katulia tuli. Machozi yalinilenga.

Mkataba wa mafunzo ukija, nitawaletea muusome kabla hajasaini.