Naomba ushauri: kompyuta ya gemu iliyo tayari au niiunganishe mwenyewe?
Ndugu zangu, nimedunduliza fedha za kompyuta ya kuchezea gemu, na sasa nimekwama kati ya kununua iliyo tayari na kununua vipuri niiunganishe mwenyewe. Iliyo tayari ina dhamana moja ya mashine nzima, jambo ninalolithamini sana. Lakini nilipofunguliwa ubavu wa ile niliyoipenda, niliona kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) cha GB 16, ilhali viwili vya GB 8 vingeipa prosesa (ubongo wa kompyuta) njia pana zaidi ya kusoma data, na pawasaplai yake (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) haikuwa ya kiwango cha ATX, yaani vipimo vya kawaida vinavyotumiwa na watengenezaji wengi, hivyo kuibadilisha baadaye kutakuwa kazi. Kwa upande mwingine, nahofia kupinda pini za soketi ya prosesa, yaani pale inapochomekwa. Mliounganisha wenyewe, kompyuta ilipokataa kuwaka, mlikitambuaje kipuri kibovu?