Naomba ushauri: alama za p, mf na f kwenye noti nizisomeje?

FidlaMichenzani:
Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie mpiga fidla, niko Unguja. Fidla nimejifunza kwa kusikiliza, ndani ya kikundi cha taarabu, na kusoma noti nimeanza juzijuzi tu. Kupanda na kushuka kwa noti nishafahamu, na urefu wake pia. Sasa tumepewa karatasi za nyimbo tutakazopiga pamoja na wageni, na chini ya mistari kumejaa herufi: p, mp, mf, f, pahala pengine ff, na vile vimistari viwili vinavyoanzia nukta moja vikaachana.

Nataka kujua: mf ni kubwa kiasi gani hasa? Nikiona p naendelea nayo mpaka wapi? Na mbona pahala pamoja karatasi yangu ina f na ya mpiga kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi) ina mp? Nimeuliza mazoezini nikaambiwa nifuate ilivyoandikwa. Kufuata nafuata, lakini napenda nijue ninachokifuata.

BintiMkoani:
Wa alaykum salaam. Maneno yenyewe ni ya Kitaliano. p ni piano, sauti ndogo. f ni forte, sauti kubwa. Hiyo m ni mezo, yaani kiasi. Kutoka ndogo kwenda kubwa: pp, p, mp, mf, f, ff. Alama ikishawekwa inakaa mpaka uione nyengine, hata ukigeuza ukurasa.

Kinanda_Chake:
Kwa mf ni kubwa kiasi gani, mie nimeshusha programu ya simu ya kupima sauti. Kila herufi nimeipa namba yake ya desibeli, nafanya mazoezi nikiitazama. Jaribu na wewe.

MzeeWaUpinde:
Yakhe, hilo la simu silikubali. Herufi hizi hazina namba, na hazikuwekwa kwa ajili ya namba. p ya fidla moja chumbani na p ya mafidla kumi ukumbini si sauti moja, na zote mbili ni p sahihi. Alama inakwambia usimame wapi ukilinganisha na ulikotoka, unakokwenda, na wanaopiga pembeni yako.

Na wewe mpiga fidla jambo hili unalifanya siku zote bila ya karatasi. Mnapopiga bashrafu, ule muziki wa vyombo vitupu kabla ya mwimbaji, si mnatoa sauti nyote kwa ukamilifu? Akiingia mwimbaji mafidla yanarudi nyuma ili maneno yasikike, akimaliza mshororo mnamjibu, sauti inapanda tena. Hakuna aliyekuandikia. Lau angekuandikia, pale pa bashrafu ungeona f, chini ya mwimbaji p, na penye jibu labda mf.

Swali lako la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu jibu lake linafungua mengine yote. Pale ulipo na f na kanuni ina mp, tazama nani ameshika lahani. Bila shaka ni nyinyi wa fidla, na kanuni inakusindikizeni. Mtungaji amewapangeni, huyu mbele, yule nyuma. Kwa hivyo soma karatasi yako, lakini chungulia na ya jirani. Anayesoma alama zake peke yake atapiga f nzuri mno ambayo haihusiani na mtu.

Wazungu nao zamani waliandika noti nyingi bila ya alama hizi. Mtungaji Giovanni Gabrieli wa Venice ni miongoni mwa wa mwanzo kuonesha wazi penye sauti ndogo na penye kubwa, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1597. Kufika 1893, Tchaikovsky, mtungaji wa Urusi, kaweka p sita mfululizo kwa basuni (chombo cha kupuliza) ndani ya simfonia yake ya sita! Hebu nambieni, simu gani itapima tofauti ya p tano na p sita?

Na jengine, nawaonya wanafunzi wangu kila wiki: p haisemi punguza mwendo, wala f haisemi kimbia. Mwendo una alama zake.

Kinanda_Chake:
Nimekufahamu, mzee. Ahsante.

BiKanuni:
Naongeza kwa upande wetu. Kila chombo kina f yake. Uzi wa kanuni ukishaguswa sauti inaanza kufa papo hapo, hatuwezi kuikuza noti iliyokwisha lia. Tukitakiwa tuikuze, tunaupiga uzi uleule mbiombio kwa kucha zilizofungwa kwenye vidole viwili vya shahada, kila pigo likizidi nguvu. Mwenye akodiani anayo raha, mvukuto anao mkononi. Mwenye nai, ile filimbi, akipuliza kwa nguvu sana noti inapanda ikaacha mahala pake, basi f yake ni ya hadhari. Haya yote yajue unapokaa nao.

FidlaMichenzani:
Ahsanteni sana, hasa hilo la bashrafu limeniingia. Nisaidieni na vimistari. Na kuna pahala pameandikwa fp, pengine sf.

MzeeWaUpinde:
Vinavyofunguka kwenda kulia ni kreshendo, sauti inakua. Vinavyofunga ni diminuendo, inapungua. Safari ikiwa ndefu huandikwa cresc. au dim. badala ya vimistari. Shika hili: pale cresc. inapoanza, wewe bado uko chini. Wengi wakiiona tu wanaruka juu, halafu hawana pa kwenda.

Fanya hivi. Chukua uzi wa A mtupu, bila ya kuubana kwa kidole, upinde uanzie nchani, usukume mara moja tu kwa hesabu nane. Nchani upinde ni mwepesi na karibu na mkono ni mzito, kwa hivyo wenyewe unakusaidia kukua. Anza karibu na kibao cha vidole, uzito mdogo, na ufanye ubahili: ukifika nne uwe hujatumia hata nusu ya upinde. Kuanzia tano usogee kidogo kidogo kuelekea daraja la fidla, uzito wa mkono uzidi na mwendo wa upinde uzidi. Ukisikia uzi unakwaruza, umebana kupita kiasi au umelikurubia mno daraja. Kisha geuza, anzia karibu na mkono na f, umalizie nchani na p. Kupungua kwa ulaini ni kugumu kuliko kukua, kupe muda zaidi.

fp ni kuanza f na kushuka p hapohapo, noti ikiwa bado inalia. sf ni mkazo wa noti ile moja, baada yake unarudi ulipokuwa.

FidlaMichenzani:
Na vimistari vikifunguka halafu mwisho hapana herufi yoyote?

BintiMkoani:
Tazama alama inayofuata mbele, mara nyingi ndiyo unakokwenda. Ikiwa haipo, panda ngazi moja tu, kutoka p mpaka mp, na umuulize anayeongoza kabla hamjaanza kupiga. Akishasema, mafidla yote muiandike kwa penseli pahala palepale.