Mrejesho: Katuni yangu ya kurasa 8 imekamilika

Wakuu, habari za siku. Niliuliza jinsi ya kuandika skripti ya katuni na kupanga kurasa, maana fremu zangu (visanduku vya picha) zilijaa maneno hadi sura hazionekani. Ahsanteni sana.

Nilianza na kurasa ndogondogo za penseli, ukubwa wa kiberiti, kila fremu tendo moja. Bibi anakata kishada cha zabibu shambani Mpunguzi, Dodoma. Anageuka. Nyayo za fisi! Hizo nimeziweka ukurasa wa 4, kushoto, msomaji azikute akifunua tu. Mdogo wangu alishtuka kweli.

Kilichogoma ni ukurasa wa 6: puto moja la mazungumzo lina maneno 40, linamfunika bibi. Naliandika upya.

Aliyesema idadi ya kurasa igawanyike kwa 4 (karatasi moja ikikunjwa katikati ni kurasa 4), ubarikiwe; steshenari ya Majengo walibana pini bila kubaki ukurasa mtupu.