Kikorea au Kiesperanto: nina saa moja kwa siku, nianze na ipi?

Mbeya Juu
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaozijua hizi lugha kwa undani. Nina saa moja kila siku, simu, daftari, na Kiingereza cha kusomea. Lengo ni kuomba ufadhili wa serikali ya Korea mwakani. Ila kuna hoja inazunguka kwamba ukianza na Kiesperanto miezi miwili, lugha inayofuata inakuwa mteremko. Kwa Kikorea ni kweli? Na kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili, ugumu wa kila moja uko wapi hasa? Majibu ya "ukiipenda tu utaiweza" naomba tuyaache.

Kalamu ya Mti
Mkuu, naanza na Kiesperanto kwa kuwa hakina mengi. Zamenhof alikitoa Warszawa mwaka 1887, akakiunda makusudi kisiwe na vighairi. Nomino inaishia -o, kivumishi -a, kielezi -e. Kitenzi kina -as kwa wakati uliopo, -is uliopita, -os ujao, na hakibadiliki kwa nafsi. Irabu ni a, e, i, o, u zilezile zetu, na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu: fa-mi-LI-o. Hapo huna cha kujifunza.

Upatanisho nao unaujua tayari. Sisi tunasema vitabu vizuri, wao wanasema bonaj libroj, -j ya wingi ikikaa kwenye maneno yote mawili.

Utajikwaa kwenye -n ya mtendwa. Mi vidas hundon, namwona mbwa. Hundon vidas mi, bado ni mimi ninayeona. Wengi wakishaielewa wanaibandika kila mahali, hata baada ya estas ("ni"), ambako hairuhusiwi: tio estas libro, si libron. Halafu kuna mtego wa mahali. En la domo ni kuwa ndani ya nyumba, en la domon ni kuingia ndani. Kiswahili kinasema "nyumbani" kwa yote mawili, kwa hiyo sikio halikuonyi. Kila sentensi yenye mwendo, jiulize: kitu kimevuka mpaka au kiko palepale?

Mengine ya haraka: c inasomwa ts, j inasomwa y, na li na ŝi (yeye mwanamume, yeye mwanamke) zitakuchanganya kwa kuwa kwetu wote ni "yeye". Usiingize irabu katikati ya konsonanti: strato ni silabi mbili, si "sitarato". Na sana maana yake ni mzima wa afya! Malsana ni mgonjwa, malsanulo ni mtu mgonjwa, malsanulejo ni hospitali. Mzizi mmoja na viambishi vichache, umepata maneno manne.

Pwani Fasaha
Nachukua Kikorea. Herufi zisikutishe, na zisikudanganye pia. Hangul ilitangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446, na za msingi ni 24 tu, konsonanti 14 na irabu 10. ㅁ ni mchoro wa kinywa, ㄱ ni ulimi ulivyojikunja, na ㄱ ikiongezwa mstari inapata mpumuo (pumzi inayotoka kwa nguvu), inakuwa ㅋ. Siku nne au tano zinatosha kuzitambua.

Shida inaanza wiki ya pili. Kila herufi unaisoma vizuri, neno zima unalikosea, kwa sababu konsonanti zikikutana zinabadilishana sauti. 합니다 imeandikwa hap-ni-da, inatamkwa hamnida. 국물 (supu) ni gungmul. 같이 (pamoja) ni gachi. Kwa hiyo neno jipya lisikie kwanza ndipo uliandike, na maandishi ya Kilatini yatupe kabisa baada ya wiki ya kwanza.

Kisha vipasuo (sauti kama b na p) vitatu pale ambapo sisi tunasikia viwili: 불 (bul) moto, 풀 (pul) majani, 뿔 (ppul) pembe. Shika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo. Kwa 풀 kinaruka, kwa 불 kinatikisika kidogo, kwa 뿔 kinatulia na koo linakaza. Sikiliza pia kimo cha sauti, maana kwa vijana wa Seoul 풀 huanzia juu kuliko 불. Anayejua Kimvita ana nafuu: paa wa mwituni ana mpumuo, paa la nyumba halina.

Irabu nazo: ㅓ na ㅗ masikio yetu yanazisikia kama o moja. 커피 (keopi) ni kahawa, 코피 (kopi) ni damu ya puani. Agiza kwa uangalifu.

Sarufi ndiyo kazi yenyewe. Kitenzi kinakaa mwisho, na viambishi vinarundikwa nyuma ya mzizi, si mbele kama vyetu: 먹 (la), 먹었어요 (-likula). Hakuna kiambishi cha nafsi, kwa hiyo neno hilo moja ni nilikula, ulikula au alikula, muktadha unaamua. Heshima imo ndani ya kitenzi. Sisi tukishatoa shikamoo, tunaweza kumwambia bibi "umekula?" kama tunavyomwambia mdogo wetu. Kikorea hakikubali: kwa rafiki 먹었어, kwa mtu usiyemzoea 먹었어요, kwa bibi kitenzi chenyewe kinabadilishwa, 드셨어요. Anza na umbo la -요 (-yo), litumie kwa kila mtu, mengine yafuate.

Hesabu ziko seti mbili. Saa tisa na nusu alasiri ni 세 시 삼십 분: saa kwa namba za Kikorea asilia, dakika kwa zenye asili ya Kichina. Na wao wanaiita saa tatu, hawahesabu kama sisi.

Stesheni
Mimi bado ningesema wiki sita za Kiesperanto kwanza. Hiyo -n inakufundisha kumtia alama mtendwa, na 을/를 (eul/reul) ya Kikorea inafanya kazi hiyohiyo. Tena jaribio la Paderborn, Ujerumani, lilionyesha waliotangulia na Kiesperanto walienda kasi.

Pwani Fasaha
Jaribio hilo lilihusu watoto wa Kijerumani waliokwenda kujifunza Kiingereza. Msamiati wa Kiesperanto umetoka Ulaya, bila shaka uliwasaidia. Kwa Kikorea hutapata hata maneno kumi ya bure. Faida ya kuzoea lugha ya viambishi Mswahili anayo tangu utotoni. Hizo saa 42 mpe Mkorea.

Kalamu ya Mti
Hapo niko na Pwani, japo nakipenda Kiesperanto. Kijifunze kwa sababu zake: Pasporta Servo ya kulala bure kwa wenyeji, makongamano. La dunia la 2024 lilifanyika Arusha, mara ya kwanza Afrika. Lakini hakikupi alama yoyote kwenye TOPIK, mtihani wa Kikorea kwa wageni.

Mbeya Juu
Nimewaelewa. Ufadhili unadai cheti kabla ya kuomba? Na saa moja niigaweje?

Pwani Fasaha
Cheti si sharti la kuomba, kinakuongezea uzito tu. Ukipata, unasoma lugha mwaka mmoja kule, na kabla ya kuingia digrii unatakiwa ufike TOPIK ngazi ya 3. Wenye ngazi ya 5 kwenda juu wanaruka huo mwaka.

Lenga TOPIK I. Ina maswali 70 kwa dakika 100, kusikiliza na kusoma tu, alama 200. Ukipata 80 ni ngazi ya 1, yenye msamiati wa maneno kama 800. Ukipata 140 ni ya 2. Kuandika kunaanza TOPIK II. Cheti kinaisha baada ya miaka 2, usifanye mapema mno.

Saa yako: dakika 15 kusikiliza na kurudia kwa sauti, 15 maneno kumi mapya, 20 muundo mmoja wa sarufi na sentensi tano za kuandika mwenyewe, 10 kurudia ya jana. Siku ukibanwa, acha maneno mapya, usiache ya jana. Na leo hii ongeza kibodi ya Kikorea kwenye simu: konsonanti ziko kushoto, irabu kulia, silabi inajipanga yenyewe.