Zuio la maduka makubwa Chinatown, Los Angeles: Walmart iliponyokaje?

MuuzaViungo: Wakuu, naambiwa jiji lilitaka kuzuia kwa muda maduka makubwa Chinatown. Walmart, ile kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ikaingiaje? Nina kaduka ka mchele na iliki Kariakoo, nauliza kwa sababu.

KakaWaLA: Baraza la jiji lilipiga kura kuunga mkono zuio Machi 23, 2012. Kibali cha Walmart cha ukarabati kilishatoka jana yake! Zuio lisingegusa kibali kilichotoka kabla, mkuu. Walifungua 2013, wakafunga wenyewe 2016.

Bi Mwana: Jana yake? Hiyo bahati ina miguu. San Francisco wana sheria ya kudumu: tangu kura ya 2006, kampuni ya matawi mengi ikitaka mitaa ya biashara huomba kibali maalumu, majirani wakisikilizwa hadharani.

MuuzaViungo: Sisi tungepata habari fremu zishapakwa rangi.